Theluji ya Upande wa Kaskazini

Odile Pelletier hakukimbilia mlangoni. Alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akajifunga skafu mpaka puani, kisha akasimama kulitazama paa la nyumba ya marehemu Délima kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Nyumba za majirani zilikuwa zinavuja joto. Theluji ya juu ya mapaa yao ilikuwa imeyeyuka pale kileleni, maji yakateremka mpaka ukingoni, yakaganda upya, na sasa barafu ilining'inia nene kama paja la mtu mzima. Watu wa Anse-Noire, kijiji hiki cha Kanada, wameizoea barafu hiyo, wanaiita ndevu za nyumba. Nyumba ya Délima haikuwa na ndevu. Theluji ilikaa juu ya paa lote, nzima, haina tundu wala mfereji, kama unga uliokandwa ukafunikwa kitambaa. Joto la ndani lilikuwa limebaki ndani. Yeyote aliyeivika nyumba ile pamba ya kuzuia baridi alijua anachokifanya.

Aliyeivika ni Ludger Nadeau, na Ludger alikuwa mahabusu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Délima, mjane wa miaka themanini na kitu, hakuonekana kwenye Misa ya Jumapili. Kaka yake Onésime, anayekaa ng'ambo ya barabara, akaenda kumgongea. Akamkuta ameketi jikoni na koti lake la kanisani, kichwa kimelala juu ya meza. Hakuwa na jeraha lolote. Daktari alipopima damu akasema ni hewa ya sumu, ile isiyo na rangi wala harufu, inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa huku mlango umefungwa. Wazimamoto walifungua madirisha, wakazima tanuri la gesi la kupasha nyumba joto lililo chumba cha chini, wakapanda darini. Huko wakakuta dohani, ile njia ya moshi inayopanda mpaka juu ya paa, imezibwa kwa matofali na saruji mpya. Wakauliza ni nani aliyeiziba. Wakaambiwa ni Ludger, yule yule aliyejaza pamba ya karatasi katika kuta na dari mwezi wa kumi. Jioni hiyo hiyo wakamfuata kwake, wakamchukua mbele ya mkewe aliyekuwa na mimba ya kuonekana.

Theriault, mkuu wa Odile, hakuona cha kuchunguza. Moshi umekosa pa kutokea, mtu amekufa, aliyeziba anajulikana. Kesho asubuhi Ludger angesomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Odile aliomba siku moja akapewa, ila Theriault alimkumbusha kwamba kumtafutia mshtakiwa mlango wa kutokea ni kazi ya wakili, si ya polisi.

Kabla ya kuja huku alikuwa amepita kwa Ludger. Kijana hakukana kitu. Dohani aliiziba yeye, kwa sababu dohani isiyotumika ni sawa na dirisha lililosahauliwa wazi juu ya paa. Joto lote hupandia humo. Tanuri jipya la Délima halikuitumia. Moshi wake ulitoka kwa bomba jeupe lililotoboa ukuta wa kaskazini, usawa wa goti. Lakini watu wa Theriault walikuwa wameizunguka nyumba nzima wasilione bomba lolote, na walikuwa wamemwambia hivyo usoni. Toka hapo Ludger alikuwa amenyamaza kama mtu aliyeambiwa mama yake si mama yake. Kwa Odile alisema neno moja tu zaidi.

"Afande, nyumba ile niliimaliza mwezi wa kumi. Kama mimi ndiye niliyemwua, alikuwa anangoja nini mpaka juzi?"

Swali hilo Odile alisafiri nalo njia nzima.

Alipokuwa bado anatazama paa, mlango wa ng'ambo ya barabara ulifunguka, na Onésime akavuka polepole, chupa ya kahawa kwapani. Alikuwa mzee mrefu aliyeanza kuinama, mikono mikubwa ya mtu aliyechimba viazi maisha yake yote.

"Binti wa Hervé," akamsalimu, maana katika bonde lile mtu huitwa kwa baba yake hata akiwa na mvi na bastola kiunoni. "Unahesabu vigae, au unangoja kuganda?"

Waliingia jikoni pamoja. Nyumba ilikuwa baridi kwa vile tanuri lilikuwa limezimwa, lakini Odile aliona kwamba maji ya birikani hayakuwa yameganda, siku ya pili bila moto, na nje baridi ya kupasua miti. Hilo nalo aliliweka akilini.

Onésime alimimina kahawa katika vikombe vya dada yake. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, si kile cha mezani. Aliongea mengi, na karibu yote yalikuwa juu ya Ludger. Alisema alikuwa ametangaza mbele ya kanisa, watu wakitoka, kwamba mtoto wa Nadeau amemnyonga dada yake kama paka ndani ya gunia. Alisema nyumba ni kitu kinachopumua. Baba yao aliijenga hii kwa mikono yake, akajaza unga wa mbao ukutani na magazeti juu ya unga wa mbao, na upepo uliingia na kutoka utakavyo, wala hakufa mtu.

Odile akamwuliza kama hawakuona baridi.

"Baridi haijawahi kumnyima mtu pumzi," Onésime akasema. "Tulilala wanne kitanda kimoja. Ugomvi ulikuwa ni nani alale upande wa ukutani. Délima ndiye mdogo, basi kila siku ni yeye."

Odile akainuka kutazama kuta. Karibu na mlango wa chumba cha kulala palikuwa na kishikizo cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu, na juu yake hapakuwa na kitu. Akafungua saraka za kabati moja moja. Katika ya tatu, chini ya taulo za vyombo, alikuta king'ora kidogo cheupe, cha kutahadharisha watu hewa ya sumu ikijaa. Betri haimo. Ilikuwa imelala kando yake.

Akakiweka mezani, akauliza nani alikitoa. Onésime alijibu bila kusitasita. Délima mwenyewe alikitoa. Kilikuwa kinalia, kinanyamaza, kinalia tena, hakuwa akipata usingizi. Alimpigia simu yeye kaka yake, naye akamwambia betri imekwisha, itoe, utanunua nyingine Jumatatu.

"Kilianza lini?"

"Ijumaa alfajiri."

"Mwezi wa kumi na moja kilikuwa kinalia?"

"Hapana."

"Sikukuu ya Noeli? Watu wote walipojaa humu, majiko yote yanawaka?"

"Hata. Angesema. Délima hakuwa mtu wa kuficha kero."

Odile akakigeuza king'ora kwa ncha ya kalamu, akakitia ndani ya mfuko wa ushahidi. Dohani ilikuwa imezibwa tangu vuli. Pamba ilikuwa ukutani tangu vuli. King'ora kilikaa kimya miezi yote hiyo kikaja kulia Ijumaa. Basi kilichomwua Délima hakikuwamo humu mpaka karibu na Ijumaa. Akamwuliza mzee ni nani aliyefika hapa wiki ile, fundi, mleta gesi, mgeni, na ni kitu gani kilifanywa katika nyumba.

Onésime alifikiri kwa uaminifu, ilionekana usoni. Hakufika mtu, akasema. Hakikufanywa kitu.

Odile alishuka chumba cha chini na kurunzi. Tanuri lilikuwa jipya, dogo kama kabati la nguo za mtoto. Bomba jeupe lilitoka juu yake, likakimbia chini ya mbao za sakafu, likaelekea kwenye kitako cha dohani na kupotea. Akaelewa mara moja watu wa Theriault walichofanya. Walisimama hapa ngazini, wakamulika, wakaona bomba linakwenda kwenye dohani, wakatosheka. Yeye akavua koti, akajibana kati ya matofali na ukuta wa mawe, akatia mkono nyuma. Tundu la kale la dohani lilikuwa limezibwa kwa saruji, kavu, halina hata ufa. Na bomba halikuingia humo. Lilipita nyuma yake, likapenya ukuta wa kaskazini.

Ludger hakuwa amesema uongo.

Kando ya pale bomba lilipopenya palikuwa na dirisha dogo la kuingiza mwanga. Odile akalimulika. Kioo kilikuwa cheupe chote, hakina anga, hakina mti. Akaweka kiganja kwenye ufa wa juu, pale mbao za nyumba zinapolalia mawe ya msingi. Ludger alikuwa amezijaza kuta, lakini ufa huo wa kale ulikuwa bado unapumua, na hewa iliyopita vidoleni mwake ilikuwa na unyevunyevu.

Akapanda, akavaa koti, akatoka kwa mlango wa nyuma akazunguka upande wa kaskazini na beleshi la gari lake.

Theluji ilikuwa imepanda ukutani mpaka usawa wa tumbo, ikateremka kwa mteremko mzuri kutoka kona hadi kona. Mtu angeitazama asiione, kwa kuwa kila nyumba ya zamani ya barabara ile ina mteremko kama huo. Odile alisimama mbele yake, akaanza kuondoa akilini sababu moja baada ya nyingine. Haikuanguka kutoka juu, kwani paa lilikuwa bado na theluji yake yote. Haikuletwa na upepo, kwani upepo wa bonde lile ukirundika theluji huikunja kwenye kilele kama ukosi wa shati, na hii ilikuwa imesawazishwa. Akainama. Juu ya uso wake palikuwa na alama bapa, pana, zikipandana kama magamba ya samaki. Ni mgongo wa beleshi uliopigwapigwa na mtu mwenye subira. Akachimba kidogo pembeni, na chini ya theluji akakutana na matawi mabichi ya msonobari yaliyopangwa, majani yakitazama chini.

Akapiga picha. Akachimba, akapiga nyingine.

"Binti wa Hervé, unabomoa nini hapo?"

Onésime alikuwa amesimama konani, kikombe bado mkononi, amekunja uso kama mtu aliyekuta mbuzi shambani mwake.

"Nani ameiweka theluji hii, mzee wangu?"

"Swali gani hilo? Ni mimi. Naifunga nyumba hii kila mwaka tangu mumewe alipozikwa. Matawi kwanza, halafu theluji, halafu unaipiga ishikane. Bila hivyo upepo unapita chini ya sakafu, unakula miguu. Marehemu baba yako nani alikuwa anamfungia nyumba, unadhani?"

"Nilikuuliza kama kuna kitu kilifanywa wiki ile."

"Kufunga nyumba ni kitu?" Alishangaa kweli. "Nimepiga theluji, basi."

Odile akamwuliza lini. Alhamisi, akasema, baridi ilipokaza. Na akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa, kwa sababu bado ilikuwa inamkera. Délima alikuwa amemwambia kwamba mwaka huu asifunge, mtoto wa Nadeau amemkataza, upande huu hasa usiguswe. Akamwuliza dada yake tangu lini anamsikiliza mtoto wa Nadeau kuliko damu yake. Hawakuelewana. Délima alipokwenda mjini kutengenezwa nywele, yeye akaja akaifunga. Aliporudi alitazama, akacheka, akamwambia haya, kichwa ngumu, angalau miguu itapata moto.

Odile alishika tena beleshi. Alirudi kuchimba, taratibu, akifuata ukuta kutoka lilipokuwa dirisha. Beleshi likaingia mahali bila kizuizi, kama lililotoboa nyungu. Akapanua tundu kwa mikono. Ndani ya theluji mlikuwa na pango, kuta zake barafu tupu, laini, zimechirizika rangi ya chai. Katikati ya pango palikuwa na mdomo wa bomba jeupe, umeelekea nje. Na kutoka pangoni mfereji wa barafu ulipanda ukutani mpaka kwenye ule ufa wa chini ya mbao.

Akapiga picha zake. Kisha akasogea kando ili mzee aone.

"Moshi ulikuwa unatokea hapa," akasema. "Ulipozibwa ukayeyusha theluji, ukajichimbia chumba, na chumba kikakosa mlango. Ukarudi ndani kwa ule ufa."

Onésime alitazama bomba. Alitazama matawi aliyoyakata mwenyewe. Kikombe kilimwagika kahawa juu ya kiatu chake naye hakukitazama.

"Mimi naijua nyumba inayotoa moshi juu, kwa dohani," akasema.

"Najua, mzee."

"Alhamisi," akasema. "Ijumaa kikalia. Na mimi nikamwambia atoe betri."

Odile alimshika mkono, akamwambia amtazame usoni, na akamwuliza kitu kimoja tu: baada ya Délima, alifunga nyumba ya nani mwingine?

Ilimchukua muda kulisikia swali. Alipolisikia, alitupa kikombe kando. Zélie, akasema. Mjane wa pale kwenye kona ya shamba. Alimfungia jana mchana, kwa vile yeye mwenyewe alikuwa peke yake na hakutaka kukaa nyumbani akimfikiria dada yake. Na ndiyo, nyumba yake ilivikwa na Ludger pia, mara tu baada ya hii. Na ndiyo, walimwekea tanuri jipya kama la Délima.

Alikuwa ameshaanza kukimbia kabla hajamaliza kusema, kwa miguu ile ya miaka themanini na mitano, na Odile alilazimika kumkimbilia na kumwingiza garini.

Nyumba ya Zélie ilikuwa na mteremko huo huo, magamba hayo hayo. Odile alimwelekeza mzee ukutani, yeye akapitia mlangoni. Zélie hakuitika hodi ya kwanza wala ya pili. Odile akausukuma mlango. Bibi alikuwa amelala sebuleni na blanketi, uso mwekundu, ndoo ya kutapikia kando yake. Akasema kwa sauti nzito kwamba ni supu ya njegere ya jana, imemgeukia, na kichwa kinapasuka, na nani huyo anafungua madirisha yake yote, hao polisi wamelelewa ghalani? Odile hakubishana. Alishuka akazima tanuri, akapanda, akaita gari la wagonjwa, akambeba na blanketi lake mpaka garini. Alikuwa mwepesi kama mganda wa nyasi.

Walipopita upande wa kaskazini, Zélie aliinua kichwa, akamwona Onésime amepiga magoti anafukua ukuta kwa mikono, theluji inaruka juu ya kichwa chake.

"Huyo naye," akasema. "Jana ameijenga, leo anaibomoa. Nimwambie nini mwanamume kama huyo?"

Onésime aliisikia sauti yake, akaacha kuchimba. Hakugeuka. Alikaa hivyo, mikono ndani ya theluji, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Muuguzi alimpa Zélie hewa, akamsikiliza kifua, akasema atapona. Wangechelewa kumtoa mpaka jioni, asingeahidi kitu.

Odile alimpigia simu Theriault, akamweleza bomba, pango, king'ora, na Zélie. Theriault akauliza kama picha zimetoka vizuri, na Odile akajua kwamba amekubali. Akamwambia asingoje kesho, mke wa Ludger amewekwa roho juu vya kutosha. Theriault akasema atamtoa sasa hivi. Akauliza pia, kwa sauti ya chini, amwandike nani badala yake.

"Nitakuja kuandika mwenyewe," Odile akasema. "Kuna nyumba sijamaliza."

Kwa maana Onésime alikuwa amekwisha kumtajia nyingine, zote za wazee wa barabara ile, zote alizozifunga kwa mikono yake baridi ilipokaza. Walizipitia moja moja, na mabeleshi mawili. Mwanamke mmoja aliwafukuza na ufagio mpaka alipoelezwa. Hakuna nyingine iliyokuwa na tanuri jipya. Njiani Onésime alionyesha kwa kidole mlango unaofuata.

Ya mwisho ilikuwa ya mume na mke wazee sana, chini karibu na mto. Ilikuwa nyumba ya kale, haijavikwa na mtu, barafu zikining'inia mpaka dirishani. Dohani yake ilisimama juu ya paa, na moshi ulipanda kutoka humo umenyooka, mweupe, unaonekana hata ng'ambo ya mto. Odile alizunguka nje, akashuka chumba cha chini, akapanda, akamshika mzee begani.

"Hii iache, mzee wangu. Kuni zao zinatokea juu. Hapa ulifanya vizuri, ukiibomoa watapata baridi."

Onésime aliutazama moshi kwa muda mrefu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Alhamisi na mimi nilikuwa na hakika," akasema, na akachomeka beleshi kwenye theluji ya ukutani.

Odile hakumzuia. Alivua skafu, akaiweka juu ya uzio, akaanza kufukua kutoka kona ya pili.